Bahari Niliyoidarizi Bila Kuiona

Moraa mwanangu,

Umekwenda Marani kumuaga nyanya yako, na ninavyomjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujamaliza sahani ya pili. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Mvua imeanza kunyesha kule juu kwenye mashamba ya chai. Nimeondoa kila kitu mezani, nimekaa na ile kalamu yako ya bluu uliyodhani imepotea. Haikupotea, niliichukua mimi.

Mambo ya blanketi, ya viatu na ya watu wa kuogopa stesheni nimekwisha kukuambia. Jana ulinijibu, "Mama, hayo umeyasema mara tatu," na ni kweli. Niliyasema mara tatu kwa sababu kulikuwa na jambo jingine ambalo kila nikilifungulia mdomo, linatoka blanketi.

Jambo lenyewe ni jinsi baba yako alivyokufa. Nilikuambia ni homa. Haikuwa homa. Keshokutwa utafikia kwa Ondieki, ambaye alibeba magunia pamoja naye bandarini na alikuwa karibu naye siku za mwisho. Ondieki ni mtu mwema, lakini neno halimkai kinywani. Sitaki ulisikie kwake kabla ya kulisikia kwangu.

Nikianza na kifo chenyewe hutanielewa. Acha nianze na kitambaa.

Unakijua kile kitambaa kikubwa kilichoko kwenye kiti kirefu tangu mwaka jana, ambacho mchungaji alikikalia, akakitazama, akauliza kama ni shamba la viazi. Ulicheka mpaka ukatoka nje. Mimi nilimwambia mchungaji ni urembo tu. Si urembo tu, wala si shamba la viazi. Ni bahari, na ilinichukua miaka mingi kuliko hata umri wako wewe siku baba yako alipofariki.

Miaka ile kabla ya uhuru, akina mama wa kanisani tulijifunza kudarizi. Aliyetufundisha alikuwa Mama Atieno, yule mama wa kutoka ziwani ambaye mumewe alikuwa karani wa zahanati huko Nyamira. Kila nyumba ilitaka vitambaa vya viti. Sisi tulikuwa na viti viwili na vitambaa sita. Sote tulidarizi maua ya waridi, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyapanda, na chini yake "Karibu Mgeni". Nilipofika kitambaa cha sita, vidole vilikuwa vinashona vyenyewe na mimi nimelala.

Kisha baba yako akaja likizo kutoka Mombasa. Alikuwa ananawa miguu pale nje, anapiga soga na mjomba wako, nikamsikia akisema, "Siku hiyo tulipofika maji yalikuwa yamekwenda."

Nikamuuliza, "Yamekwenda wapi?"

"Yamekwenda tu. Yatarudi."

Mimi nimezaliwa mahali ambapo maji yanajua njia moja, nayo ni kushuka. Hayajawahi kwenda na kurudi. Usiku ule nilimuuliza maswali mpaka akalala katikati ya jibu. Alipoondoka nilinunua kitambaa kipya cha marekani, nikakitandika sakafuni, nikachora bahari kwa kaa la moto lililozimwa.

Nilichora kama mtu wa hapa angechora. Maji katikati, kilima huku, kilima kule. Kwenye kilima cha kule niliweka migomba, nyumba moja, na moshi. Moshi ule niliudarizi kwa siku nne, na nilijivuna nao. Mama Atieno alipouona alisema, "Dada, maji makubwa hayana kilima upande wa pili. Hata kwetu ziwani kuna mahali ukisimama huoni ng'ambo."

Nikamjibu, "Hayo ni macho yenu."

"Macho yetu?" akasema. "Na nyinyi watu wa milimani mnaona nini kila siku, si migomba tu?"

Tukanuniana wiki mbili. Ilinibidi kusubiri likizo nyingine ya baba yako ili anitetee. Alikitazama kitambaa kwa muda mrefu, ameinamisha kichwa, kama anayesoma.

"Hawa wenye moshi ni akina nani?"

"Watu wa ng'ambo."

"Ng'ambo ipi?"

"Ya bahari. Si unasema ni maji? Maji yana huku na yana kule."

Hakucheka. Ningependa ujue hivyo, kwamba hakucheka. Alisema taratibu, akiniita kwa jina lako, "Ng'ina Moraa, hakuna kule. Unatazama mpaka macho yanachoka, na bado ni maji."

"Basi yanashikwa na nini yasimwagike?"

Akafikiri. "Hilo sijauliza."

"Miaka mitatu uko kando ya maji, na hujauliza?"

"Mimi nabeba magunia," akasema. "Gunia halina maswali."

Nilimwomba Mama Atieno msamaha, nikafumua kilima chote, migomba, nyumba na moshi. Ukikiinua kitambaa kile dirishani jua likiwa nyuma yake, utaona matundu ya sindano bado yapo, na migomba imesimama pale kwa mwanga mtupu. Siku ukirudi likizo, inua.

Uzi wa bluu ulikuwa taabu. Katika maduka ya Wahindi kule Kisii mjini kulikuwa na bluu moja tu. Nikachukua sweta kuukuu ya shule ya mjomba wako, nikaifumua mstari kwa mstari. Unajua jinsi uzi wa sweta unavyotoka umejikunjakunja, haukubali kunyooka. Mama Atieno alitaka niuloweshe niutundike na jiwe mpaka unyooke, kama inavyotakiwa. Nikamwambia auache. Niliulaza vilevile na makunyanzi yake, nikaushikilia kwa mishono midogo ya uzi mwembamba, na maji yakajikunja yenyewe bila mimi kuyafundisha. Aliyatazama, akasema, "Hayo ndiyo mawimbi." Ni sifa pekee aliyowahi kunipa, na mpaka leo ninaihesabu.

Kwa mchanga, nilichemsha majani ya chai nikatumbukiza upande wa chini wa kitambaa. Unaijua nyumba yetu, sisi Wasabato tunauza chai na hatunywi hata kikombe. Bibi yako mzaa baba alisikia harufu akiwa njiani kutoka kisimani.

"Ni nani anakunywa chai katika nyumba ya Sabato?"

"Hainywewi, mama. Ninachemshia kitambaa."

"Kumbe siku hizi hata vitambaa vinakunywa chai!" Akamwita jirani aje kushuhudia.

Ndivyo tulivyokwenda. Baba yako anakuja, ananiambia, ninafumua, ninashona tena. Lakini kila alipoondoka, swali jipya lilikuwa linanijia akiwa ameshapanda basi. Hivyo mara ya mwisho alipokuja nilichana karatasi kwenye daftari langu la masomo ya Sabato nikamwandikia maswali matano. Rangi yake ni ipi saa mbalimbali. Inanuka nini. Inashikwa na nini. Maji yakienda yanakwenda wapi. La tano niliandika hivi: maji yakishaondoka, chini kunabaki nini? Na hapo nikaongeza, "Usiulize mtu. Nenda uone mwenyewe." Nikapiga mstari chini ya maneno hayo.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulijua wakati huo. Baba yako alikuwa anaogopa maji. Miaka yote ile alikuwa ameiona bahari kati ya meli na meli, na kutoka juu ya lori. Hakuwahi kwenda kando yake kwa hiari. Wenzake walimtania, akawaambia mtu wa milimani hana haja ya kuloweshwa. Mimi hakuniambia. Sijui ni kwa aibu au kwa sababu aliona jinsi nilivyokuwa nikimsubiri na sindano mkononi.

Jumapili moja alikwenda na Ondieki wakati maji yamekwenda mbali. Alivua viatu kwa sababu ndivyo viatu vyake vya kanisani, hakutaka chumvi ivile. Wakatembea juu ya miamba, Ondieki anasema alikuwa anainama kila hatua mbili, na karatasi yangu mkononi. Kitu kikamchoma unyayo. Alikitoa, akafunga kitambaa, akasema si kitu. Jumatatu akaenda kubeba magunia. Wiki iliyofuata taya lake likakaza, halafu shingo, halafu mgongo. Ilikuwa pepopunda. Hospitali walijitahidi, lakini walisema amechelewa. Simu ya maandishi ilitufikia hapa Ikonge akiwa ameshazikwa huko huko, na wewe ulikuwa na miaka sita.

Hiyo ndiyo homa niliyokuambia.

Ondieki alileta sanduku lake. Mlikuwa mnacheza nje na watoto wa mjomba. Ndani kulikuwa na mashati mawili, Biblia, na karatasi yangu imekunjwa mara nne. Alikuwa amejibu yote, kwa penseli. Nitakunakilia hapa, kwa sababu karatasi yenyewe imechakaa na sitaki isafiri.

La kwanza: "Asubuhi kama jani la kabichi. Mchana kama sweta ya shule. Mvua ikija, kama sufuria."

La pili: "Chumvi, na kamba iliyolowa."

La tatu: "Nimeuliza watu saba. Mmoja amesema ni Mungu. Mwingine amesema nimwache ale."

La nne: "Kuna mzee anayeuza samaki hapa getini. Anasema maji yakitoka kwetu huenda kwa watu wengine, nao hawayaweki, huyarudisha."

La tano: "Kuna majani kama nywele za mtu aliyelala. Kuna vidimbwi, na ndani samaki wadogo kama kucha. Kuna mnyama mweusi, miiba kila upande, hana uso. Amenichoma kidogo. Nikija nitakuchorea."

Nilisoma mstari ule wa mwisho Ondieki akiwa amekaa kwenye kiti, juu ya waridi. Nilimuuliza kama alikwenda kule kwa sababu ya karatasi. Angeweza kunidanganya. Alisema, "Shemeji, asingekwenda." Kisha, nadhani aliona uso wangu, akaongeza kwamba jioni zile alikuwa anawasomea maswali yangu chumbani, wanaume saba, na wanabishana mpaka chakula kinapoa. Kwamba waliniita Mama Maswali. Kwamba baba yako, aliyekuwa kimya kabisa mwaka wa kwanza, ndiye aliyekuwa anaongoza mabishano. Sikuyasikia maneno hayo wakati ule. Nilisikia yale mawili tu, "asingekwenda."

Nilikunja kitambaa nikakiweka chini kabisa ya sanduku, nikalifunga.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Lile la kuuliza maswali matano, nimelifikiria miaka kumi na miwili na bado sijui kama lilikuwa kosa. Hili jingine ninalijua vizuri.

Ulikuwa na miaka saba hivi. Tulikuwa tunamenya viazi. Ukaniuliza, "Mama, baba alikufa na nini?"

"Homa."

"Homa gani?"

"Homa tu."

"Ilimshika wapi? Kichwani?"

Nilikupiga kofi, Moraa. Si kwa nguvu, lakini lilikuwa kofi. Na nikakuambia, "Mtoto wa maswali mengi humchimbia mtu kaburi." Uliendelea kumenya viazi. Ulimenya vizuri sana, maganda membamba, na hukulia. Labda umesahau. Mimi ninaikumbuka hata rangi ya beseni.

Tangu siku ile hukuniuliza kitu. Nilidhani umekuwa mtoto wa adabu, na majirani walinisifu. Halafu ulipokuwa shuleni Sironga, mwalimu wako wa hesabu aliniita. Nilidhani umefanya utundu. Alisema, "Mama, huyu msichana anajua. Ukimuuliza anajibu. Lakini tangu aje hapa hajawahi kuinua mkono kuuliza. Asipoelewa anakaa kimya mpaka aelewe peke yake. Kuna mtu alimtisha?" Nikasema hapana, hakuna. Nilimdanganya mwalimu mbele ya dirisha lililo wazi, na wewe uko uwanjani unafagia.

Kutoka Sironga sikuja nyumbani moja kwa moja. Nilipitia kwa Mama Atieno. Nilimweleza yote, na hakuwa anayajua, hata yeye nilimwambia homa. Alikuwa anakaanga samaki. Akasogeza kikaango kando. Nilitegemea aniambie si kosa langu, kama watu wanavyosema. Hakusema. Alisema, "Msumari wa hapo shambani kwenu ungemwua vilevile. Lakini najua hukuja kwa sababu ya msumari." Kisha akaniuliza, "Kile kitambaa kilifika wapi?"

Nikamwambia hakikufika.

"Kilete," akasema. "Nataka kuona kama umesahau nilivyokufundisha."

Ndivyo nilivyokifungua tena. Sehemu iliyokuwa wazi ni ile ya chini, pale maji yameondoka. Nilidarizi majani kama nywele za mtu aliyelala. Nilidarizi vidimbwi na samaki wa kucha. Yule mweusi ndiye aliyenishinda. Sikuwahi kumwona, na aliyeahidi kunichorea hakuja. Nilijaribu mara nyingi, kila mara anatoka kama buibui au kama nungunungu wa hapa kwetu. Mwishoni niliacha kumfikiria jinsi alivyo, nikapiga sindano mahali pamoja na kuitolea nje, mahali pamoja na kuitolea nje, uzi mweusi, kila upande, bila uso. Nilimaliza siku moja mchana wewe ukiwa shuleni. Nilishangaa kwamba sikumchukia. Nilitaka tu kujua kama nimempatia. Nilitaka kujua anakula nini, na kama miiba ile inamuuma mwenyewe anapolala. Nikajicheka peke yangu nyumbani. Ilikuwa miaka mingi sijataka kujua kitu.

Ulipopata nafasi ya ualimu ulikuwa na vyuo vitatu vya kuchagua. Ukachagua cha Pwani, kilicho mbali kuliko vyote. Nilikuuliza sababu, ukasema, "Sijui." Ulisema ukitazama chini, kama wakati ule wa viazi. Nadhani unajua. Nadhani unakwenda kutafuta lile nililokunyima, na unalitafuta kimyakimya kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kwamba kuuliza ni kuua.

Sikukatazi kwenda. Kaburi lake Ondieki atakuonyesha. Pale baharini usiende peke yako, na hilo silisemi kwa woga wangu tu, hata wenyeji hawaendi hovyo. Zaidi ya hapo sina la kukuamuru. Ninachojua ni kidogo. Nilimwuliza mtu niliyempenda maswali, akafa akiyajibu, na Ondieki anasema alikuwa na furaha. Nilimnyamazisha mtoto ninayempenda, akaishi, na sijui kama alikuwa na furaha, kwa sababu sikumuuliza. Nikiyaweka mambo hayo mawili pamoja hayatulii. Labda wewe uliyesoma zaidi utaona linalonipita. Labda utaona kwamba mimi ndiye niliyemwua. Nimejiandaa kwa hilo pia, ingawa kusema nimejiandaa si kweli kabisa.

Mvua imekatika, na nadhani sasa uko njiani. Barua hii nilikuwa nimepanga kuitia chini ya nguo zako, uikute ukiwa mbali na mimi niko salama huku. Nimebadili mawazo nikiwa katikati ya ukurasa huu. Nitakupa mkononi kesho asubuhi, kabla ya uji. Kaa hapa mezani uisome yote. Basi la kwanza likituacha, kuna la saa nne, na nimeshamwambia mjomba wako asituharakishe.

Mimi nitakuwa jikoni. Ukimaliza, njoo. Ukiwa na hasira, njoo nayo, usiiache mezani. Uniulize lolote, hata lile ambalo ukiliuliza nitalia, na nikianza kulia usinyamaze kwa kunihurumia. Subiri nifute uso, kisha uliza linalofuata.

Mama yako